Moyo Uliodhaniwa Kuwa Salama: Historia ya Kisukari na Maradhi ya Moyo Nairobi

Mwaka 1929 jarida la kitabibu la Uingereza, The Lancet, lilichapisha taarifa fupi iliyotoka Kenya. Mwandishi wake, Dkt. C. P. Donnison, alikuwa akihudumu katika hospitali ya Kavirondo Kusini, upande wa Ziwa Victoria. Alikuwa amewapima Waafrika 1,000 shinikizo la damu. Hadi umri wa miaka 40 hivi, presha yao ilikwenda sambamba na ya Wazungu. Baada ya hapo, katika umri ambao presha ya Mzungu huzidi kupanda, ya kwao ilianza kushuka. Na kati ya wagonjwa wapatao 1,800 waliolazwa hospitalini kwake katika muda wa miaka miwili, hakumpata hata mmoja aliyeugua presha.

Miaka minane baadaye F. W. Vint, mtaalamu wa patholojia wa serikali ya kikoloni jijini Nairobi, alitoa katika East African Medical Journal matokeo ya uchunguzi wa maiti 1,000 za Waafrika wa Kenya. Maradhi ya kuambukiza ndiyo yaliyotawala. Mishipa ya moyo iliyoziba, ugonjwa uliokuwa ukiwaua wanaume wengi wa Ulaya na Marekani wakati huo, ilikuwa adimu mno.

Kazi za namna hii zilizaa imani iliyodumu kwa miongo kadhaa: kwamba Mwafrika ana moyo uliokingwa kwa maumbile, na kwamba kisukari na mshtuko wa moyo ni maradhi ya Wazungu na Wahindi. Leo hii, anayeshuka kwenye matatu ya Barabara ya Ngong asubuhi ya siku ya kliniki na kuingia Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta hukuta foleni inayoikanusha imani hiyo. Wamo wazee wa Kawangware, akina mama wa Kangemi, makarani wa katikati ya jiji, kila mmoja na kadi yake mkononi, wakingoja kupimwa sukari. Wengi wana presha pia, na baadhi wameanza kuvimba miguu na kuishiwa pumzi wakipanda ngazi. Vimeng'enya, yaani protini zinazoendesha kazi za kikemia mwilini, vilivyomo katika seli za mioyo yao ni vilevile walivyokuwa navyo babu zao waliolima Dagoretti. Jiji ndilo lililogeuka, pamoja na kile linachovilisha vimeng'enya hivyo.

Jiji la hospitali tatu

Nairobi ilianza mwaka 1899 kama kambi ya reli. Miaka miwili baadaye ikafunguliwa hospitali ya wenyeji yenye vitanda 40, iliyoitwa Native Civil Hospital. Mwaka 1952 ilipewa jina la King George VI, na baada ya uhuru ikawa Kenyatta. Wazungu walijengewa hospitali yao, ambayo tangu 1954 iko karibu na Hurlingham na sasa inaitwa Nairobi Hospital. Upande wa Parklands, jamii za Kihindi zilijijengea za kwao, na mwaka 1958 Hospitali ya Aga Khan ikafungua milango. Kila rangi ilikuwa na wodi zake, na kila wodi ilikuwa na takwimu zake.

Makazi nayo yaligawanywa vivyo hivyo. Upper Hill, Kilimani na Lavington zilikuwa za Wazungu, Parklands na Ngara za Wahindi. Mwafrika aliruhusiwa jijini kama kibarua, kipande chake cha utambulisho kikining'inia shingoni. Alikuja akiwa kijana, akafanya kazi ya suluba, na alipozeeka au kuugua sana akarudi kwao. Wengine walilala Pumwani, wengine wakatembea kila siku kutoka Dagoretti, Kangemi na Kawangware, maeneo ambayo hayakuwa bado ndani ya mipaka ya jiji. Daktari aliyekuwa King George, kwa hiyo, alimwona zaidi Mwafrika kijana aliyetembea maili nyingi na kula nafaka, maharagwe na mboga. Alichoandika kuhusu "moyo wa Mwafrika" kilihusu moyo wa kijana anayefanya kazi ngumu.

Maelezo hayo yalikuwa mbele ya macho ya madaktari, lakini maelezo ya rangi yalikuwa mepesi zaidi. Vint mwenyewe alikuwa amechapisha mwaka 1934 makala kuhusu ubongo wa Waafrika wa Kenya, akidai kuwa gamba lake ni jembamba kuliko la Mzungu. Dai hilo limekwisha kutupwa na sayansi. Zama zilizoamini kwamba ubongo hupimwa kwa rangi hazikuona ugumu kuamini kwamba moyo nao ni hivyo hivyo.

Hata vipimo vya wakati huo vilisaidia kuuficha ugonjwa. Kisukari kilitafutwa kwenye mkojo, kwa dawa ya buluu iliyotungwa na Mmarekani Stanley Benedict mwanzoni mwa karne ya 20. Mhudumu wa maabara alimimina mililita 5 za dawa hiyo katika neli ya kioo, akadondosha matone 8 ya mkojo, akaichemsha kwa dakika 5. Ikibaki buluu, hakuna sukari. Ikiwa kijani au manjano, ipo kidogo. Ikigeuka nyekundu ya tofali, mgonjwa ana kisukari kikali. Kasoro yake ni kwamba sukari haivuki kuingia kwenye mkojo hadi ile ya damu ipande sana, kwa kawaida kupita milimoli 10 kwa lita. Kabla ya hapo mtu anaweza kuishi miaka mingi na sukari inayoharibu mishipa yake huku neli ikibaki buluu. Na aliyepimwa ni yule tu aliyefika hospitalini.

Jaji wa Kampala

Daktari mmoja aliyeanza kuitilia shaka hadithi hii ni Hugh Trowell. Alifika Kenya mwaka 1929, mwaka uleule wa taarifa ya Donnison, na mwaka 1935 akahamia Uganda, ambako alifundisha katika Hospitali ya Mulago kwa zaidi ya miaka ishirini. Kwa muda wote huo hakuwa ameandika habari za Mwafrika mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo. Mwaka 1956 yeye na mwenzake Singh walichapisha katika East African Medical Journal, jarida la Nairobi, kisa cha mgonjwa wa kwanza wa namna hiyo kutoka Uganda. Alikuwa jaji, mtu mnene aliyekuwa ameishi kwa miaka mingi maisha ya ofisini na kula vyakula vya Kizungu.

Mgonjwa mmoja alitosha kuivunja hoja ya maumbile. Kama moyo wa Mwafrika umekingwa kwa asili, wa jaji usingeugua. Kama umekingwa na maisha anayoishi, basi maisha yakibadilika kinga inaondoka. Trowell alichukua njia hiyo ya pili. Mwaka 1960 alitoa kitabu kuhusu maradhi yasiyoambukiza Afrika, na baadaye yeye na daktari mwenzake Denis Burkitt wakaeneza hoja kwamba chakula kilichosagwa na kukobolewa hadi kupoteza nyuzi zake kina sehemu kubwa katika maradhi haya. Kwa Nairobi hoja hiyo ilikuwa na uzito wa pekee, kwani unga mweupe wa sembe, sukari na mafuta ya kupikia vilikuwa vikishika nafasi ya mtama, wimbi na viazi vitamu katika kila nyumba iliyohamia mjini.

Lango ndani ya seli

Kenya ilipokuwa ikijiandaa kupandisha bendera yake mwaka 1963, katika Chuo Kikuu cha Cambridge Philip Randle na wenzake Garland, Hales na Newsholme walikuwa wakichunguza mioyo ya panya iliyotolewa mwilini na kuendelea kudunda maabarani. Makala yao, iliyotoka katika The Lancet mwaka huohuo, ilieleza jambo ambalo linatusaidia kuelewa kinachotokea kifuani mwa mgonjwa wa kisukari.

Moyo hudunda kama mara 100,000 kwa siku, na hauna ghala la kuweka nguvu za kutosha. Ni lazima utengeneze nguvu zake kila sekunde. Katika hali ya kawaida asilimia 60 hadi 70 hutoka kwenye asidi za mafuta, na sehemu kubwa ya zilizobaki kwenye glukosi. Moyo wenye afya hubadili chakula kadiri ya hali: baada ya mlo, insulini ikipanda, hutumia glukosi zaidi, mtu akifunga, hutumia mafuta. Vinavyoamua kipi kitumike ni vimeng'enya.

Randle aligundua kwamba mafuta na glukosi hushindania nafasi. Asidi za mafuta zikichomwa kwa wingi, mazao yake hurundikana na kukizuia kimeng'enya kiitwacho piruvati dihaidrojenasi, kilichosimama kama lango linalopitisha glukosi iliyokwisha kuvunjwa kuingia kwenye mitokondria, vinu vya nguvu vya seli. Mazao mengine hurudi nyuma na kuzuia vimeng'enya vya hatua za awali za kuivunja glukosi. Mwaka 1969 Lester Reed na wenzake kule Texas walionyesha namna lango hilo linavyofungwa: kimeng'enya kingine, kinasi, hubandika fosfeti juu yake na kulizima. Mwaka 1977 Denis McGarry na Daniel Foster wa Dallas walieleza upande wa pili, yaani kimeng'enya CPT1 kinachoingiza mafuta katika mitokondria, na jinsi malonili-CoA, kitu kinachotengenezwa insulini ikiwa nyingi, inavyokizuia.

Ukiziunganisha kazi hizo, ugonjwa unaeleweka. Insulini ikikosekana au ikishindwa kufanya kazi, vimeng'enya vinavyovunja mafuta ya mwilini hukosa wa kuvizuia, na damu hujaa asidi za mafuta. Katika moyo, CPT1 hubaki wazi na mafuta huingia kwa kishindo. Kinasi huongezeka na kulifunga lango la glukosi. Damu imejaa sukari, lakini moyo hauwezi kuitumia. Unabaki kutegemea mafuta karibu peke yake, na mafuta yanahitaji oksijeni zaidi kuliko glukosi ili kutoa kiasi kilekile cha nguvu. Mafuta yasiyochomwa hurundikana ndani ya seli na kuzidhuru. Polepole misuli ya moyo hukakamaa. Hushindwa kulegea na kujaza damu, na mwishowe hushindwa kuisukuma.

Mwaka 1972 Shirley Rubler na wenzake wa New York walieleza wagonjwa wanne wa kisukari waliokufa kwa moyo kushindwa kufanya kazi, ilhali mishipa ya mioyo yao haikuwa imeziba. Miaka miwili baadaye utafiti wa mji wa Framingham, Massachusetts, ulionyesha kwamba mwanamume mwenye kisukari ana uwezekano mara 2.4 wa kupata moyo kushindwa kufanya kazi kuliko asiye nacho, na mwanamke mara 5.1. Kisukari, basi, kinauumiza moyo kwa njia mbili. Kinaziba mishipa kutoka nje, na kinaudhoofisha msuli kutoka ndani.

Wamaasai na kimeng'enya cha kolesteroli

Katika miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970, watafiti kutoka Marekani walikutana na fumbo jipya Afrika Mashariki. Wamaasai waliishi kwa maziwa na nyama, chakula chenye mafuta mengi, lakini kolesteroli katika damu yao ilikuwa chini. George Mann aliwapima, na mwaka 1972 akatoa matokeo ya uchunguzi wa mioyo 50 ya Wamaasai waliofariki. Mishipa yao ilikuwa na mafuta ukutani, lakini ilikuwa mipana kiasi kwamba damu ilipita bila shida, jambo alilolihusisha na mwendo wao mrefu wa kila siku.

Kundi jingine, lililoandika katika New England Journal of Medicine mwaka 1971, lilifuatilia kolesteroli ndani ya miili ya vijana wa Kimaasai kwa kutumia alama za mionzi. Walikuta kwamba kolesteroli ikiingia kwa wingi kutoka kwenye chakula, mwili wao hupunguza ile unayotengeneza wenyewe. Kazi hiyo ya kutengeneza inatawaliwa na kimeng'enya kiitwacho HMG-CoA ridaktesi, kilichomo katika ini la kila mtu. Tokyo, miaka michache baadaye, Akira Endo alipata katika kuvu ya Penicillium citrinum kitu kinachokizuia kimeng'enya hichohicho. Kutokana na ugunduzi huo zikatoka dawa za statini, ambazo mgonjwa wa kisukari wa Westlands au Riruta huandikiwa leo ili kuikinga mishipa yake. Kimeng'enya walichokifuatilia kwa Wamaasai ndicho kinacholengwa na kidonge anachomeza mkazi wa mjini.

Walipohamia Nairobi

Baada ya uhuru vizuizi vya kuhamia mjini viliondoka. Mipaka ya jiji ilipanuliwa na kuziingiza Dagoretti, Kawangware na Kangemi. Wakati wa uhuru Nairobi ilikuwa na watu karibu 350,000. Sensa ya 2019 ilihesabu 4,397,073. Watu hawa hawakuwa tena wa kwenda na kurudi. Walizeeka mjini, wakaketi ofisini, kwenye matatu na nyuma ya kaunta za duka.

Utafiti uliofuatilia mabadiliko haya mtu kwa mtu uliongozwa na Neil Poulter na kuchapishwa katika British Medical Journal mwaka 1990. Vijana wa Kiluo wa miaka 15 hadi 34 walipimwa walipohama kutoka vijiji vya kaskazini mwa Ziwa Victoria na kuja Nairobi, na wakalinganishwa na wenzao waliobaki nyumbani. Vipimo vilirudiwa kwa miaka miwili. Mapema tu baada ya kuhamia, presha ya wahamiaji ilikuwa juu ya ile ya waliobaki. Chumvi katika mkojo wao ilizidi kwa kulinganishwa na potasiamu, na mapigo ya moyo yakaenda kasi. Ukoo wao ulikuwa mmoja na wa wale wa kijijini. Walichotofautiana nacho ni mahali walipoishi na walichokula. Donnison alikuwa amewapima watu wa kando ya ziwa hilohilo miaka sitini kabla, na sasa jibu la swali lake lilikuwa limepatikana katika vyumba vya kupanga vya Nairobi.

Kisukari kilifuata njia hiyohiyo. Utafiti wa Dirk Christensen na wenzake wa Kenya na Denmark, uliochapishwa mwaka 2009, ulikuta kisukari kwa asilimia 2.2 ya watu wa vijijini, Waluo, Wakamba na Wamaasai, na asilimia 12.2 ya watu wa mjini. Kibera nayo haikunusurika. Richard Ayah na wenzake wa Chuo Kikuu cha Nairobi, katika utafiti wa mwaka 2013, waliripoti kisukari kwa asilimia 5.3 ya watu wazima wa mtaa huo. Ugonjwa ulioitwa wa matajiri ulikuwa tayari umeingia katika vyumba vya mabati.

Katika kliniki ya Kenyatta, Fredrick Otieno na wenzake waliripoti mwaka 2003 kwamba karibu wagonjwa sita kati ya kumi walikuwa na kipimo cha sukari ya muda mrefu kilichozidi asilimia 8, dalili kwamba sukari yao haikuwa imedhibitiwa. Kila mwezi unaopita katika hali hiyo ni mwezi ambao lango la glukosi katika moyo limefungwa.

Kisha, mwaka 2011, Julius Ogeng'o na wenzake wa Chuo Kikuu cha Nairobi walichapisha uchunguzi wa maiti za watu waliokufa kwa maradhi ya moyo na mishipa. Mshtuko wa moyo ndio ulioongoza, na nyuma yake karibu kabisa ukaja ugonjwa wa misuli ya moyo. Jijini mwa Vint, miaka sabini na kitu baadaye, chumba cha maiti kilitoa ushuhuda wa kinyume kabisa.

Kidonge na kipimo

Historia hii ina upande wa matumaini, na matumaini hayo pia yanapita katika vimeng'enya. Tone la damu linalotoka kidoleni mwa mgonjwa hunyonywa na kijikaratasi cha glukometa, ambamo kimeng'enya, mara nyingi glukosi oksidesi kitokanacho na kuvu, hukutana na sukari na kutoa mkondo mdogo wa umeme. Sekunde chache baadaye tarakimu inajitokeza kwenye kioo. Kipimo hicho huona kisukari kabla hakijafika kwenye mkojo, jambo ambalo neli ya Benedict haikuweza.

Metformini, iliyoanza kutumiwa Ufaransa na Jean Sterne mwaka 1957, hutuliza kimeng'enya kikubwa cha mitokondria na kupunguza sukari inayotolewa na ini. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliotangazwa mwaka 1998 ulionyesha kwamba kwa wagonjwa wanene dawa hiyo ilipunguza mishtuko ya moyo kwa asilimia 39. Mwaka 2015 ikathibitishwa kwamba empagliflozini, inayoiruhusu sukari itoke kwa njia ya figo, hupunguza vifo vya moyo kwa asilimia 38 kwa wenye kisukari ambao tayari wana maradhi ya moyo na mishipa. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliziingiza dawa za kundi hilo katika orodha yake ya dawa muhimu. Metformini ni rahisi na inapatikana hadi kwenye duka dogo la dawa. Zile mpya bado ni ghali kwa mgonjwa anayelipa kutoka mfukoni.

Lakini dawa haimfikii asiyejua kuwa anaumwa. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulikuta kwamba karibu watu wazima tisa kati ya kumi nchini hawajawahi kupimwa sukari, wakati karibu mmoja kati ya wanne ana presha. Wengi wao watagundua wana kisukari siku watakapofikishwa hospitalini na moyo uliokwisha kuchoka.

Kwa muda wa karne nzima Nairobi imelipia kosa la kutafuta sababu ya ugonjwa katika rangi ya mtu. Kwanza iliambiwa haiwezi kuugua, kisha ikaachwa iugue bila kupimwa. Sasa sababu inajulikana, kuanzia kwenye unga uliokobolewa na kazi ya kuketi hadi kwenye kimeng'enya kinachofunga lango la glukosi. Kila anayeingia kituo cha afya cha Kangemi, Riruta au Westlands akiwa na zaidi ya miaka 35, hata kama amekuja kwa kikohozi, anastahili kupimwa sukari na presha siku hiyohiyo, na anayekutwa na kisukari aangaliwe moyo wake kabla haujalalamika. Kazi hiyo inahitaji glukometa, kipima presha na muuguzi aliyefunzwa, vitu ambavyo jiji hili linavyo, na ambavyo likiamua linaweza kuvifikisha katika kila zahanati yake.